Gari la Babu Kanti Halikuwa na Mlango

Kila ninapofungua pipa jipya la rezini, vijana wangu wa karakana hurudi nyuma na kuziba pua. Mimi huinama. Ile harufu kali yenye utamu wa mbali, kama embe lililoiva kupita kiasi likamwagikiwa na rangi ya kucha, hunipanda kichwani, na kwa kitambo kidogo sijui niko wapi. Juzi Neema, binti ninayemfundisha kazi, aliniuliza akiwa amejifunika pua kwa kanga.

"Dada, hivi hii harufu haikuchefui?"

"Nimelelewa nayo."

"Huko Durban?"

"Hapa hapa Dodoma. Kikuyu."

Wakacheka wote, wakidhani nawatania. Kikuyu ya leo ina maghorofa na maduka ya kahawa, nani atakumbuka kwamba kulikuwa na faiba pale, hivi vitambaa vya nyuzi za kioo vinavyogandishwa kwa rezini, kabla ya mimi kuileta?

Maana hilo lazima nilieleze. Karakana ni yangu. Iko Nkuhungu, ina geti la bluu, na matangi ya maji unayoyaona juu ya nyumba mpya kuanzia hapo hadi kule Msalato kwenye uwanja wa ndege, mengi yametoka mikononi mwangu. Sisemi hivi kwa majivuno. Au tuseme nasema kwa majivuno, kwa sababu nimeyatolea jasho. Nilikwenda Durban na begi moja, nikaanza kwa kufagia kiwanda cha boti, nikaishia kuwasimamia walionikabidhi ufagio. Stashahada yangu ya kazi ya faiba imetundikwa ukutani juu ya kompresa, kwenye fremu, na nimeifutia vumbi leo asubuhi. Katika kanda yote hii ya kati hakuna anayelaza faiba kama mimi. Anayebisha alete tangi lake, tuyapige yote mawili nyundo tuone.

Lakini chuo kilinipa majina tu. Vitu vyenyewe nilikuwa nimeshavishika, nikiwa mtoto wa darasa la chini, kwenye ua wa nyuma wa nyumba ya Babu Kanti.

Wenzangu mliokulia Dodoma ile mtaukumbuka upepo. Kiangazi kikikolea, upepo ulianza asubuhi, ukaokota vumbi jekundu na kulipitisha mlango kwa mlango kama mgeni anayesalimia nyumba zote. Chamchela zilisimama katikati ya viwanja, ndefu, nyembamba, zikizunguka taratibu, na sisi watoto tulizikimbilia tukitaka kuingia ndani yake. Mchana kila kitu kilikuwa na rangi ya mkate: kuta, ng'ombe, mashamba ya zabibu yaliyokatwa majani, hata anga. Katika picha ninayoiona mimi, watu walitembea kimya, na sauti pekee ilikuwa nyundo ya baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa kunyoosha bodi. Banda lake la mabati lilikuwa kando ya nyumba yetu, na magari yaliyogongana barabara ya Iringa na ya Singida yaliletwa pale yakiwa yamekunjamana kama karatasi, yakatoka yamenyooka. "Bati halina siri kwangu," alikuwa akisema, na alilisema kwa kila mtu, hata kwa mwuza maziwa. Kujisifu nimerithi.

Siku moja akaja Babu Kanti. Tulimwita Babu sisi watoto wote wa mtaa, kwa sababu duka lake la vitambaa ndiko mama zetu walikonunua sare za shule, na kwa sababu alizeeka mapema, nywele nyeupe pee. Familia yake ilikuwa ya Wahindi waliokaa Dodoma tangu enzi za babu zake, na Kigogo chake cha sokoni kilimshinda mama yangu aliyezaliwa Morogoro.

"Mbukwenyi," alisalimia akiwa bado getini.

"Mbukwenyi, mzee. Shikamoo," Baba akajibu, akaweka nyundo chini.

"Marahaba. Fundi, nina gari. Ila usiliite gari mpaka uwe umeliona."

Tulikwenda naye, Baba, mimi, na Mjomba Ndahani, kaka yake mama, aliyekuwa fundi wa injini na mzaha. Nyuma ya duka kulikuwa na nyumba, na nyuma ya nyumba kulikuwa na ua wenye mzabibu uliotambaa juu ya waya, na chini ya mzabibu kulikuwa na kitu kilichofunikwa turubai. Babu Kanti alivuta turubai. Vumbi likapanda, likabaki limening'inia kwenye mwanga, na ndani ya vumbi lile nikaliona.

Lilikuwa fupi, limelala chini kama paka anayevizia. Halikuwa na kona hata moja. Kila mahali jicho lilipogusa liliteleza. Rangi yake ilikuwa nyekundu zamani, sasa ilikuwa imefifia kama ulimi wa mgonjwa. Viti viwili tu. Halikuwa na paa wala mlango.

"Babu, mtu anaingilia wapi?" niliuliza.

"Anaruka," alisema. "Lilijengwa kwa ajili ya watu wenye miguu."

Alilijenga yeye mwenyewe alipokuwa kijana, akatueleza huku akilipapasa. Alichukua chasisi ya foksi iliyopinduka, ile ya mgongo wa mviringo, akaitupa bodi yake, akatengeneza bodi nyingine kwa kitambaa na gundi. Kitambaa na gundi: ndivyo alivyosema, na mimi niliamini gari lile limeshonwa, kwa kuwa mwenye kushona alikuwa ni yeye mwenye duka la vitambaa. Mkewe alikuwa akikusanya sari yake kwa mkono mmoja, anaruka ubavu kama mbuzi anavyoruka boma, anatua kwenye kiti, na wanaondoka na upepo.

Mkewe alikuwa anatutazama. Sikuwa nimemwona. Alikuwa kwenye kiti cha mkeka barazani, Bibi Shanta, mkono wa kushoto umelala mapajani kama kitu alichopewa akishike, na upande wa kushoto wa uso wake umetulia kabisa. Kiharusi kilimpata kabla ya mvua zilizotangulia. Upande mmoja ulikuwa umeondoka, ndivyo watu walivyosema mtaani, na mimi nilijiuliza umekwenda wapi.

Babu Kanti alimvuta Baba pembeni, lakini mimi nilikuwa na masikio ya sungura.

"Tangu augue hataki kitu," alisema. "Chakula anasukuma. Hekaluni hataki. Wageni hataki. Mabinti wamempigia simu, hataki hata kushika simu. Wiki iliyopita nimekaa naye hapa, akanyoosha mkono kwenye turubai. Fundi, ni kitu cha kwanza alichokitaka. Nataka apande, nimpeleke mpaka Msalato na upepo umpige usoni kama zamani. Akipanda, nitajua kama bado yumo. Asipotaka kingine baada ya hapo, basi nitakuwa nimemaliza."

"Atapanda," Baba alisema. "Tutambeba tumweke."

Kutoka barazani ikaja sauti, neno lisilo na umbo, na tukamwona Bibi Shanta akikata hewa kwa mkono wake mzima, mara moja, kama anayefukuza kuku.

"Habebwi," alisema Babu Kanti. "Nimeshajaribu. Anasema, au macho yake yanasema, yeye si gunia la mahindi."

"Basi tulikate ubavu, tumfungulie mlango."

Hapo Babu Kanti aliweka kiganja chake juu ya ubavu wa gari kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara. Gari lile halikuwa na mifupa ya chuma juu, alieleza. Nguvu zake zote zilikuwa kwenye zile mbavu mbili zilizopita nzima kutoka mbele hadi nyuma. Ukikata mmoja, gari litakunjika katikati. Na hata kama halikunjiki, aliongeza kwa sauti ndogo, ubavu ule aliupaka kwa mikono yake akiwa na nguvu, na hataki kumwona mtu akiupitishia msumeno.

"Sasa ataingiaje, mzee?" Mjomba Ndahani aliuliza. "Kwa maombi?"

"Tengenezeni kwanza. Mengine Mungu ataleta."

Wakaanza. Mjomba Ndahani alifungua nyuma akakuta injini. "Hii gari kama kondoo wa Kigogo," alisema, "utajiri wake wote uko mkiani," akaishusha yote na kuipeleka kwake kuifungua. Baba alibaki na bodi. Na mimi nilibaki na wazo.

Sikumwambia mtu yeyote wazo lile. Niliona kwamba ubavu wa kushoto wa gari ndio ulioumia: jua la miaka mingi liliuchoma upande ule, ulikuwa na nyufa kama kisigino, na sehemu moja ulikuwa umebonyea. Upande wa kulia ulikuwa mzima. Na Bibi Shanta vilevile. Kushoto kabonyea, kulia mzima. Niliona ni jambo lililo wazi kiasi kwamba watu wazima walinyamaza kwa adabu tu, kama wanavyonyamaza kuhusu ujauzito. Gari na Bibi vilikuwa kitu kimoja. Gari likipona upande wa kushoto, Bibi atainuka. Ndiyo sababu alilionyesha kwa kidole. Nani asiyemwonyesha daktari panapouma?

Basi nikawa nakwenda kila nilipotoka shule. Nilipewa msasa na maji, nikasugua. Nilisugua upande wa kushoto tu. Vumbi la faiba liliniingia kwenye ngozi, nikajikuna usiku kucha hadi mama yangu akanipaka mafuta ya karanga mwili mzima na kusema gari lile lina upupu, na Baba akome kunipeleka. "Mwenyewe anajipeleka," Baba alisema. Na ilikuwa kweli. Kuwashwa nilikuona ni sehemu ya tiba. Dawa yoyote yenye nguvu inauma.

Siku ya kosa Babu Kanti alikuwa dukani. Baba alifika kwenye ile sehemu iliyobonyea. Alikuwa ameagizwa aiache, lakini fundi wa bodi akiona mahali palipobonyea ni kama mama akiona kamasi puani pa mtoto. Mkono unakwenda wenyewe. Alifanya alivyofanya maisha yake yote. Akawasha mtungi wa gesi, akapitisha moto taratibu apalainishe, akaweka chuma upande wa ndani, akanyanyua nyundo.

"Shemeji, hiyo si bati," Mjomba Ndahani alisema kutoka nyuma.

"Naijua kazi yangu."

Akapiga.

Sauti yake nimeisikia tena mara nyingi, mimi niliyevunja boti nzima kiwandani ili kupima nguvu zake, na sijawahi kuizoea. Bati linapopigwa linaimba. Faiba inapovunjika inakohoa, kavu, kama kibuyu kikubwa kinachoanguka sakafuni. Ufa ulikimbia kutoka chini ya nyundo, ukapanda hadi ukingoni, mwingine ukashuka, na kipande chote cha ubavu kati ya nyufa zile kikaning'inia kwa nyuzi zake, kisha kikaanguka vumbini.

Mimi nilikimbia. Sikukimbia kwa kumwogopa Baba. Nilikimbilia barazani.

Bibi Shanta alikuwa kwenye kiti chake, macho wazi. Nilipiga magoti nikamshika bega la kushoto, nikashuka na mkono wake hadi kwenye vidole, nikibonyeza kila mahali, nikitafuta palipovunjika. Mkono ulikuwa mzito na baridi kidogo, na bangili zake ziliteleza na kugongana.

"Bibi, inauma? Wapi panauma?"

Alinitazama kwa muda. Kisha upande mzima wa mdomo wake ulipanda. Alikuwa anacheka. Nusu ya kicheko, lakini kicheko. Mimi sikuelewa mtu anachekaje akiwa ametoka kuvunjwa ubavu.

Babu Kanti aliporudi, Baba alikuwa amesimama katikati ya ua na nyundo bado mkononi, kama mtu aliyekamatwa.

"Mzee," alisema, "nimeua."

"Alisema bati halina siri kwake," Mjomba Ndahani akaeleza. "Hii leo imemficha."

Hakuna aliyecheka. Babu Kanti aligeuza ndoo, akaikalia mbele ya lile pengo, akatazama. Upepo ulikuwa umetulia kama unavyotulia jioni inapokaribia, na mwanga ulipita kwenye majani machache ya mzabibu ukamwangukia mgongoni vipande vipande. Nilingoja aanze kulia, kwa sababu niliona kidevu chake kinatetemeka. Lakini aliinuka. Akanyanyua mguu mmoja, kwa shida ya mzee, akaupitisha pale palipobomoka. Akapitisha wa pili. Akakaa kwenye kiti. Kisha akatoka kwa njia ileile. Akaingia tena. Alifanya hivyo kama mtoto aliyegundua tundu kwenye ua wa jirani, na kila mara alivyopita alipapima kwa kiganja, hapa na hapa.

"Ndahani," alisema hatimaye, akiwa ndani ya gari, "una msumeno?"

"Ninao, mzee."

"Mpe shemeji yako. Akate vizuri, hizi kingo zitamchana mtu sari."

Hapo ndipo harufu inapoanza. Babu Kanti alikwenda mwenyewe Dar es Salaam na kurudi na madebe ya rezini na marobota ya kitambaa cha nyuzi za kioo, cheupe, laini kama unga ukikitazama, kikali kama miba ukikishika. Yeye aliijua faiba, Baba alikijua chuma, na kwa kuwa mikono ya mmoja ilikuwa inatetemeka na ya mwingine haijui, walifanya kazi kama mtu mmoja mwenye vichwa viwili. Baba alichomelea bomba la chuma chini ya pengo, kutoka chasisi ya mbele hadi ya nyuma, ili lichukue nguvu za ubavu uliokatwa. Babu Kanti akalifunika lile bomba kwa faiba, tabaka juu ya tabaka, hadi lisionekane. Kazi ilifanyika asubuhi tu. Jua la Dodoma likishapanda, rezini ilikuwa inaganda ndani ya kopo kabla ya kufika kwenye gari, ikitoa moshi. Leo ningewaambia wapunguze dawa ya kukazia. Nimelipa ada miaka kadhaa ili kulijua hilo, na wao walilijua kwa kuunguza makopo.

Na kazi ya brashi walinipa mimi. Kitambaa kinalazwa, na brashi inapigwapigwa juu yake, bila kuvutwa, mpaka rezini ipenye na weupe upotee. Mikono ya mtoto inafaa kwa kona. Niliona kitambaa cheupe kikinywa ile dawa na kuwa kama maji, na mwili wangu wote ulisisimka. Walikuwa wanaita "dawa". Walikuwa wanafunga kitambaa juu ya jeraha, wakipaka dawa, wakifunga tena. Ningewezaje kutoamini?

Mlango wenyewe ulitengenezwa pembeni, juu ya umbo la udongo. Babu Kanti alitaka udongo wa kichuguu, ule ambao bibi zetu walikandikia tembe, kwa kuwa hukauka bila nyufa na unalainika kama sahani. Siku ulipobanduliwa, kabla ya rangi, Baba aliunyanyua juu ili aangalie kama una matundu, na jua likapita ndani yake. Nilikuwa sijui kwamba faiba inapitisha mwanga. Mlango ulikuwa na rangi ya asali. Ndani yake nyuzi zilipishana kila upande, nyembamba, maelfu, kama mishipa kwenye jani au kwenye kope za macho ukiyafumba juani. Niliuona ua wote kupitia mlango ule: Babu Kanti wa dhahabu, mzabibu wa dhahabu, Bibi Shanta wa dhahabu barazani, na nikaona, naapa niliona, mkono wake wa kushoto ukisogea.

Nilikwenda kuuangalia. Ulikuwa mapajani, mahali ulipokuwa jana.

Nilisubiri rangi. Labda ni rangi iliyobaki. Baba akapuliza nyekundu ileile ya zamani, wakafunga bawaba, mlango ukafunguka na kufungwa kwa sauti nene ya kupendeza. Mjomba Ndahani akarudisha injini, ikawaka, ikabweka kama mbwa wa mlinzi. Upande wa kushoto wa gari ulikuwa umepona kuliko hata wa kulia. Nikaenda barazani kuuangalia mkono.

Babu Kanti alinikuta nimekaa chini kando ya kiti, nimeushika, nikilia.

"Nini tena, mjukuu wangu?"

"Tumemaliza," nilisema. "Tumemaliza na haujapona."

Alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akalitazama gari. Ilimchukua muda. Nilimwona wazo linavyomfikia, kama mtu anayeona mgeni kwa mbali barabarani na kumtambua pole pole kwa mwendo wake. Akachuchumaa, magoti yakamlia.

"Gari ndilo tunalolitengeneza," alisema. "Bibi yako tunamfungulia mlango tu."

Nimesoma vitabu vizito tangu siku ile, na nimewasomea wengine. Huwa sina la kuongeza kwenye sentensi hiyo. Lakini siku yenyewe niliichukia, na sikumsalimia hadi kesho yake.

Najua mnauliza gari liko wapi sasa. Nami nimeuliza. Bibi Shanta alifariki baadaye, Babu Kanti akaenda kukaa kwa mabinti zake, ua ukauzwa, na mahali pale leo pana jengo la ofisi lenye vioo. Wengine huniambia gari lilipakiwa kwenye lori kwenda Arusha, wengine kwamba lilikatwa. Nikilipata nitalinunua, msiwe na wasiwasi juu ya hilo, na nitalitengeneza vizuri kuliko walivyolitengeneza.

Asubuhi ya kwenda Msalato, Bibi Shanta alivaa sari ya kijani. Alitembea mwenyewe, fimbo mkono wa kulia, Babu Kanti akiwa nyuma yake mikono imenyooshwa bila kumgusa. Baba alifungua mlango na kusimama kando kama askari wa bunge. Ilimchukua Bibi muda mrefu kufika, na muda mwingine kujigeuza. Kisha akakaa. Mguu wa kushoto ulibaki nje, akauinua kwa mkono wake mzima, akauweka ndani, akavuta mlango mwenyewe.

"Anatakiwa mtu wa kumshika upande wa kushoto, asije akaegemea mlango," Babu Kanti alisema. Gari lilikuwa na viti viwili. Mtu pekee aliyeweza kuenea kwenye ile nafasi kati ya kiti na mlango nilikuwa mimi, nikaruka juu ya mlango nikaingia.

"Polepole, mzee," Baba alisema. "Mpaka Msalato, ugeuze. Ile bomba sijaijaribu na watu."

"Umeichomelea wewe?"

"Mimi."

"Basi inatosha."

Tulitoka Kikuyu, tukapita mjini, watu wakasimama kwenye vizingiti vya maduka. Kisha nyumba zikaisha. Zamani kwenda Msalato ilikuwa kwenda porini: barabara ya vumbi, miiba, miamba iliyokaa kama watu wanaosubiri kitu, na uwanda unaoteremka mbele yako hadi macho yanachoka. Upepo ulikuja juu ya kioo kidogo cha mbele ukatuvaa. Sari ya kijani ilijaa ikanifunika uso, nikawa naona dunia ya kijani, na chini yangu gari lilikuwa linateleza, halitikisiki, halilii popote. Nilikuwa nimejibana kwa Bibi na nilisikia moyo wake, au wangu. Nilidhani nimelala, na kwamba nikifumbua macho nitakuwa darasani.

Tulipofika kwenye kichuguu kikubwa kilichokuwa alama ya Msalato, Babu Kanti alipunguza mwendo kama alivyoahidi. Injini ikashuka sauti. Upepo ukapungua, sari ikaniteremka usoni. Akashika gia ili asimame na kugeuza, kisha akageuka kumtazama mkewe, na nikaona jinsi alivyomtazama: kama mtu aliyegonga mlango na kusubiri.

Bibi Shanta alikuwa anatazama barabara. Upande wake mzima, ule wa kulia, ndio uliokuwa karibu na mumewe. Mkono ukainuka, ukazishusha bangili, ukatua juu ya mkono wa mumewe pale kwenye gia, ukaubana.

"Mbele," alisema.

Lilitoka zima. Nililisikia mimi niliyekuwa upande wa pili, na Babu Kanti alilisikia, maana aliinua miwani akajifuta macho kwa mkono wa shati, huku gari likiwa bado linatambaa.

"Mbele kuna nini, Shanta?" alimuuliza. "Mbele ni Kondoa."

Aliubana mkono tena, akausukuma.

Babu Kanti akakanyaga mafuta.